Mkanda wa Meza: Kitambaa Chenye Umbo la Mabaki

Fundi akimaliza kukata gauni la kitenge, hebu tazama kilichobaki chini ya meza yake. Mraba hakuna. Kuna vipande viwili vyenye umbo la mwezi mchanga vilivyotoka kwenye makwapa, kipande cha mviringo kilichotoka shingoni, pembetatu ndefu mbili za ubavuni mwa sketi, na tepe za upana wa vidole vitatu au vinne zilizokatwa kando ya ukingo wenye maandishi ya kiwanda. Kitambaa hutoka kiwandani kikiwa mstatili, na mwili wa binadamu si mstatili. Tofauti ya maumbo hayo mawili ndiyo inayoanguka sakafuni. Hata viwanda vikubwa vya nguo, ambavyo hupanga vipande kwa kompyuta ili vibanane, hukadiriwa kupoteza karibu asilimia 15 ya kitambaa kwenye ukataji pekee.

Kwetu mabaki hayo hupata kazi za hapa na pale. Mengine hujaza mito, mengine huwa mpira wa chandimu, mengine hufutia mafuta ya cherehani, na mengi huishia jalalani. Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho ni kana kwamba kilibuniwa kwa ajili yake: ule mkanda wa kitambaa unaotandikwa katikati ya meza ya chakula kutoka ncha moja hadi nyingine, ulioshonwa kwa viraka na kutiwa pamba ndani. Tuuite mkanda wa meza.

Upana wake kwa kawaida ni inchi 12 hadi 16. Meza ya futi 5 huhitaji mkanda wa inchi 72, ili inchi 6 ziningʼinie kila upande. Mkanda wa inchi 14 kwa 72 una eneo la inchi za mraba 1,008. Mfarishi wa kitanda kikubwa, tuseme wa inchi 90 kwa 100, una inchi za mraba 9,000, yaani karibu mara tisa. Ndiyo maana mifarishi mingi ya viraka huanzishwa kwa shangwe ikaishia kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati, ilhali mkanda wa meza huweza kukamilika kwa mabaki ya magauni machache. Na kwa kuwa mkanda ni mrefu na mwembamba, unahitaji vipande vilivyo vifupi kwa upana na vingi kwa idadi. Hicho ndicho fundi anachokitupa.

Lakini kabla hujaanza kuokota kila uzi, kuna hesabu inayowashangaza hata washonaji wazoefu. Kila kiungo baina ya vipande viwili hula robo inchi ya kila kipande. Kwa hiyo utepe uliokatwa inchi 2 na nusu, ukishashonwa pande zote mbili, huonekana inchi 2 tu. Mkanda wa inchi 72 utataka tepe 36 za aina hiyo, ambazo zikipangwa kabla ya kushonwa zina jumla ya inchi 90. Inchi 18, sawa na asilimia 20, zimejificha ndani ya mishono. Sasa kata tepe za inchi 1 na nusu. Zitaonekana inchi 1 kila moja, utahitaji 72, na jumla yake ni inchi 108. Theluthi nzima ya kitambaa imekwenda ndani. Ukishuka hadi tepe za inchi 1, nusu ya ulichookoa haitaonekana na mtu yeyote maishani. Kadiri unavyookoa kilicho kidogo zaidi ndivyo unavyokizika zaidi, na uzi unaongezeka, na umeme wa pasi unaongezeka. Mimi naweka mpaka kwenye inchi 1 na nusu. Chini ya hapo, iwe pamba ya mto, bila kujilaumu.

Hesabu hiyo hiyo hueleza kwa nini mkanda wa mshonaji mgeni hutoka mfupi. Akila milimita 1 zaidi kila upande wa mshono, kila kiungo kimepoteza milimita 2. Viungo 35 vitapoteza milimita 70, na mkanda uliopimwa vizuri kwenye karatasi utakuwa umepungua sentimita 7 bila mtu kuona kosa lilipo.

Mkanda huu una tabaka tatu. Juu kuna viraka, chini kuna bitana, na katikati kuna pamba nyembamba, iwe pamba halisi au ya poliesta. Watu wengi hudhani mistari ya uzi inayopita juu yake ni pambo. Pambo limo, ila kazi yake ya kwanza ni kuzuia pamba isihame. Mto wa sufi ukitumika muda mrefu hujikusanya mabonge pembeni na kuacha katikati patupu. Pamba iliyo ndani ya mkanda ingefanya vivyo hivyo baada ya kufuliwa mara chache. Zamani, pamba ilipokuwa ikitandazwa kwa vidole, mistari ililazimika kukaribiana sana. Siku hizi kuna pamba zilizochomwachomwa kwa sindano za kiwandani hadi nyuzi zake zikashikana, na baadhi yake huruhusu mistari iachane hata inchi 8 au 10.

Ufundi huu wa kushona tabaka pamoja na ufundi wa viraka ni vitu viwili tofauti, na watu huvichanganya. Miaka ya 1924 na 1925, msafara wa Mrusi Pyotr Kozlov ulifukua makaburi ya watu wa Xiongnu huko Noin-Ula, Mongolia, yenye umri wa takriban miaka 2,000, ukakuta zulia la manyoya yaliyogandamizwa lililoshonwa kwa mizunguko ya uzi mithili ya konokono. Huko Sisilia, mwishoni mwa karne ya 14, mafundi walishona matandiko ya kitani yaliyotunishwa kwa pamba yakisimulia kisa cha Tristan. Sehemu yake moja iko kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, na nyingine kwenye lile la Bargello, Florence. Matandiko hayo ya Sisilia hayategemei viraka. Picha zote zimejengwa kwa uzi na mtuno peke yake. Mkanda wetu wa meza ni ndoa ya fani mbili zilizokuwa na maisha tofauti.

Pamba hiyo ya kati ndiyo pia inayolinda meza, na hapa fizikia ina kituko. Kinachozuia joto la sufuria lisifike kwenye mbao ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi za pamba, kwa kuwa hewa ikitulia hupitisha joto kwa shida sana. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo. Ndiyo maana mpishi akishika sufuria kwa kitambaa kilicholowa huungua papo hapo, ilhali kitambaa kile kile kikiwa kikavu kilimtosha asubuhi nzima. Mkanda uliomwagikiwa chai si kinga tena mpaka ukauke. Vilevile sufuria zito huibana pamba na kuifukuza hewa, kwa hiyo pale linapokaa ndipo kinga inapokuwa ndogo. Sufuria la mchuzi lina maji, na maadamu yamo, kitako chake hakipandi sana juu ya nyuzi 100 za Selsiasi. Kikaango cha mafuta ni habari nyingine. Kinaweza kukaribia nyuzi 200 au hata kuzivuka, na pamba ya poliesta, ambayo huyeyuka karibu na nyuzi 250 hadi 260, huanza kulainika mapema zaidi. Anayetaka kuweka kikaango mezani aweke kibao juu ya mkanda.

Turudi kwenye viraka, maana hapo ndipo pana utamu. Watu wengi wakisikia mfarishi wa viraka hufikiria miraba iliyopangwa kama ubao wa drafti. Washonaji waliokuwa na mabaki ya kweli mikononi, wasio na kitambaa kipya cha kukata miraba, mara nyingi hawakushona hivyo. Waliyafuata mabaki yenyewe.

Katika misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi, uzao wa Waafrika waliovushwa au waliovuka Bahari ya Hindi wakiwa watumwa, askari na mabaharia. Mababu wa wengi wao walitoroka utumwa wa Wareno huko Goa wakajificha bara. Wenzao wa Gujarat bado wana ngoma waiitayo goma, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa. Wanawake wa Kisidi wa Karnataka hushona mfarishi uitwao kawandi kwa nguo zilizochakaa, na namna wanavyoshona ni kinyume cha vitabu vyote vya mafunzo. Hawaungi kwanza viraka ndipo watie tabaka. Mama hutandaza sari kuukuu chini, huanza kwenye kona, hukunja ukingo wa kiraka kwa ndani, hukishikiza kwa mshono wa bandi unaopenya mpaka chini, kisha huweka kingine kikipanda kidogo juu ya cha kwanza. Huzunguka hivyo ukingoni, akirudi tena na tena kwa mzunguko mdogo zaidi, mpaka safu zikutane katikati. Kuunga na kushona tabaka ni tendo moja. Pamba haihitajiki, kwa kuwa viraka vinavyopandana ndivyo unene wenyewe. Mistari ya uzi huonekana waziwazi ikizunguka kufuata ukingo.

Mwisho wa yote huongezwa vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu kwenye kona nne. Huitwa phula, yaani maua, na kawandi isiyo nayo huhesabiwa kuwa iko uchi. Mtafiti Henry John Drewal wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyeandika sana juu ya sanaa ya Wasidi, alishiriki mwaka 2004 kuanzisha ushirika wa wanawake hao ili kazi yao iuzwe nje ya vijiji. Wapo wanaotaka kuona kwenye kawandi alama ya Afrika moja kwa moja. Mimi nasita. Majirani zao Wahindi nao hushona mifarishi ya nguo kuukuu, na sindano haina pasipoti. Lililo wazi ni kwamba nguo iliyochakaa huacha vipande visivyolingana, vyenye kingo zinazofumuka, na njia ya kukunja na kupandisha huvipokea vyote bila kuvipima.

Mfano wa pili uko Marekani, kwenye pindo la Mto Alabama liitwalo Gee's Bend. Watu weusi wa hapo ni wajukuu wa watumwa wa shamba la pamba la familia ya Pettway, na wengi bado hubeba jina hilo. Mifarishi yao ilishonwa kwa nguo za kazi, mifuko ya unga na chochote kilichopatikana, ili kuziba baridi ya nyumba za mbao. Mwaka 1966 wanawake wa eneo hilo waliunda ushirika ulioitwa Freedom Quilting Bee, na mwaka 1972 ushirika huo ulipata kandarasi ya kushona foronya za koduroi kwa ajili ya maduka ya Sears. Koduroi ni kile kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya. Mabaki yake yakasambaa majumbani, rangi za dhahabu, nyekundu na kijani cha parachichi. Koduroi ni nene, ni ngumu kwa sindano na hufumuka kingo. Haikubali kukatwa vipande vidogo vya madoido. Wanawake hao wakashona tepe pana na ndefu, zilizosimama na kulala kama tofali. Mwaka 2002 Jumba la Sanaa la Houston lilionyesha mifarishi ya Gee's Bend, maonyesho yakahamia jumba la Whitney, New York, na wahakiki wakaisifu kama michoro ya kisasa. Mwaka 2006 ikawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Sifa walistahili, ila wahakiki walizungumza sana juu ya jicho la mshonaji na kidogo mno juu ya koduroi.

Kwa mabaki ya kitenge, njia inayofaa iko katikati ya hizo mbili. Tandaza bitana, upande mzuri ukitazama chini, na juu yake pamba. Vyote vizidi inchi 1 kila upande. Weka utepe wa kwanza katikati kabisa ya urefu, upande mzuri juu. Laza wa pili juu yake, uso kwa uso, kingo zikilingana. Shona robo inchi kutoka ukingoni, ukipenya tepe mbili, pamba na bitana kwa mpigo mmoja. Fungua utepe wa pili ulale chali, ubonyeze kwa pasi, kisha laza wa tatu. Ukifika ncha moja, rudi katikati uende ncha ya pili. Mshono ule ule umeunga viraka na kushika pamba.

Kuanzia katikati si mapenzi ya mtu. Meno ya cherehani huvuta tabaka la chini, wakati mguu wake hukandamiza na kuchelewesha la juu, kwa hiyo tabaka huteleza kidogo kila mshono. Ukianza ncha moja, mtelezo wote hujumlika upande mmoja na mkanda hupinda. Ukianza katikati, mtelezo hugawanyika na kutokea nje, ambako mkasi utauondoa. Na pasi nayo ibonyezwe na kuinuliwa. Ikiburutwa hunyoosha kiraka kisirudi.

Kunyooka huko ndiko kunakosumbua kwenye zile pembetatu za sketi. Kitambaa kimefumwa kwa nyuzi za urefu, mtande, na za upana, mshindio. Kivute kwa mtande, hakiendi. Kivute kwa mshindio, kinaenda kidogo. Kivute kwa hanamu, yaani mshazari wa nyuzi 45, kinanyooka kama mpira, kwa sababu vijimraba vya nyuzi hulala na kuwa almasi. Upande wa mshazari wa pembetatu ukiachwa huru utatoka na mawimbi. Dawa ni kuushona kwenye utepe ulionyooka, ambao utaushikilia. Ile miezi ya makwapani ikate ncha, ibaki vipande vya pande nne, viungwe mpaka vipate urefu wa utepe.

Kitenge cha nta kina hisani moja kwa mshona viraka. Kwa kuwa dawa ya kuzuia rangi hupakwa pande zote mbili, mbinu ambayo viwanda vya Uholanzi kama Vlisco, kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846, viliiga kutoka kwa batiki ya Java, rangi huwa sawa mbele na nyuma. Kipande cha kwapa la kushoto ukikigeuza huwa cha kulia. Vitenge vya bei nafuu vilivyochapwa upande mmoja havina hisani hiyo, na vingi siku hizi ni poliesta. Chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti: pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu, poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Usizichanganye kwenye mkanda mmoja, maana pamba mpya hurudi kidogo inapofuliwa mara ya kwanza na poliesta hairudi, na kati yao mkanda utakunjamana.

Kwa hiyo fua mabaki kwanza, wanga utoke na kitambaa kirudi kabla hujakishona. Na yale maji ya chumvi ambayo kila nyumba huyaamini? Chumvi husaidia kiwandani, wakati rangi inaingizwa kwenye pamba. Nguo ikishatoka dukani, chumvi haifungi rangi yoyote. Kinachosaidia ni kuisuuza hadi maji yawe meupe, na kiraka chekundu kisichokoma kuchuja kisiwekwe karibu na cheupe.

Kingo humalizwa kwa utepe wa kuzungushia wa upana wa inchi 2 na nusu, uliokunjwa mara mbili kwa urefu. Mkanda wa inchi 14 kwa 72 una mzingo wa inchi 172. Ongeza inchi 10 za kona na kiungo, unapata yadi 5 na ushee. Vitabu vingi husisitiza utepe wa hanamu. Kwa ukingo ulionyooka ni ubadhirifu. Utepe wa kawaida unatosha, na zile tepe za ukingoni mwa kitenge huungwa vizuri, mradi umekata kwanza ule upapi wenye maandishi, ambao umefumwa kwa kubana na hurudi tofauti na kitambaa kingine. Ziunge kwa mshono wa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja.

Mkanda utachakaa kwanza pale sufuria linapokaa na pale ukingo unapokunjika kwenye ncha ya meza. Hapo hakuna haja ya kufumua kitu. Kunja kingo za kiraka kipya, kipandishe juu ya kilichotoboka, upige bandi mpaka chini kama mama wa Kisidi. Na ukichakaa wote, usiuchane: huko Marekani na Uingereza wahifadhi wa makumbusho wamekuta mifarishi mizee ndani ya mifarishi mingine, imetumika kama pamba ya kati, viraka vyake vikiwa na rangi zilizokwisha kusahauliwa juu.